Kiti cha Kushoto cha Mtu Mmoja

Natta,
4 Mei 2025

Tata,

Shikamoo. Nimeshindwa kumngoja Erasto arudi kutoka porini ndiyo akuandikie, acha mimi mkaza mwanao nikuandikie mwenyewe. Tumepata! Hospitali ya Moshi wamekupangia kuonwa tarehe 21 na kupasuliwa siku inayofuata. Na meneja wa kambi yetu ametoa viti viwili kwenye ndege ya asubuhi ya tarehe 20, kimoja chako na kimoja changu mimi wa kukusindikiza. Msimu huu wageni wachache, ndege inaruka nusu tupu. Nililia palepale ofisini mbele ya watu na wala sikuona haya.

Mambo ya basi yameisha, Tata. Tangu siku ile uliposhushwa Bunda, pumzi imekukata kwa vumbi, mimi na Erasto hatulali vizuri. Daktari alishasema rovu hilo la shingoni linabana njia ya hewa, halingoji, na mpaka walitoe ndipo wataweza kulipima wajue kama ni baya au si baya. Kwa ndege ni kama saa moja tu mpaka Arusha, kisha gari mpaka Moshi. Erasto akishawafikisha wageni wake atatukuta hukohuko.

Sasa ngoja nikupe raha. Unajua kazi yangu hapa ni kuwapandisha wageni ndege, na wote, awe Mjerumani awe Mhindi, swali lao ni lilelile: nikae upande gani nione vizuri? Basi wewe nimekuchagulia kama ninavyomchagulia mgeni anayerudi kila mwaka. Upande wa kulia, mstari wa tatu, dirishani. Tukiruka tu utawaona nyumbu wametapakaa huku kwetu magharibi. Baadaye utaiona kreta ya Ngorongoro yote, na ziwa lake ndani. Asubuhi jua linakuwa kushoto, kwa hiyo kulia halikuumizi macho. Tena mstari wa pili una chuma kinachoshikilia bawa, kinakata dirisha katikati. Wa tatu umekikwepa. Mimi nitakaa kiti kinachofuata, hapo hapo ubavuni kwako, nikushikie maji na dawa.

Jina lako kwenye orodha ya abiria nimemwomba mwenzangu Felista aliandike yeye, maana mimi mkwe siwezi kulitaja. Amenicheka mpaka leo.

Nijibu haraka nithibitishe.

Mkweo,
Modesta


Nyamwaga,
7 Mei 2025

Mama Robi, mkwe wangu,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako imeletwa na Gidion, kondakta wa gari la Mugumu. Ameifikisha mpaka kwenye ua na akakaa anywe chai ya ushindi. Mama yako amepiga vigelegele, majirani wakaja kuuliza nani anaoa.

Erasto aliniambia unasikitika kwamba sipokei simu yako. Usisikitike. Kwanza sauti yenyewe rovu limeshaila. Pili, simu haina adabu. Mkwe anaongea ndani kabisa ya sikio la baba mkwe! Karatasi inakaa pale mezani, na mimi nakaa huku, tunaheshimiana.

Kwa kiti nashukuru. Mwambie meneja wako Mungu amwongezee. Ila nina neno dogo. Nimelifikiria sana suala la upande, na mimi nataka kushoto.

Hiyo kreta umeisifu, lakini kreta ni shimo. Mimi ni mtu wa Tarime. Mashimo nimeyaona Nyakunguru kwa wachimba dhahabu mpaka nimeshiba, na moja niliingia kwa kamba kumtoa mtoto wa dada yangu. Leo nipande ndege, niende juu karibu na Mungu, halafu niinamishe shingo hii mbovu nitazame shimo? Hapana. Kornelio, yule aliyekuwa mlinzi wa kambi, ameshaipanda ndege hiyo, anasema kushoto kuna mlima unatoa moshi. Mlima ni kitu cha kutazama.

Nisalimie huyo Robi mdogo, mwambie babu anaenda Moshi kwa ndege.

Baba mkwe wako,
Baba Erasto


Natta,
9 Mei 2025

Tata,

Shikamoo. Umenichekesha nimemwaga chai juu ya vitabu vya watu. Shimo! Nikimwambia mgeni aliyetoka kwao kuja kuiona kreta kwamba ni shimo, kazi sina.

Lakini Tata, kwenye hili nisikilize, ndiyo kazi yangu. Kushoto si kuzuri. Kwanza jua, litakupiga machoni njia nzima. Pili, mlima huo wa moshi, Lengai, mwezi huu unajifunika mawingu, wageni wengi wanashuka wamenuna. Tatu, na hili ndilo kubwa, viti vya kushoto vimekaa kimoja kimoja, mtu yuko peke yake kama mlinzi. Kulia ndiko viko viwili viwili. Muuguzi wa Moshi amenisisitizia mgonjwa wa rovu asikae mbali na mtu wake, pumzi ikibadilika awepo wa kumsaidia.

Kama mstari wa tatu haukupendezi, kuna nyuma kabisa. Kule viti ni vitatu vimeunganishwa. Tungekaa wawili tu, tukajinafasi, ukitaka hata kujilaza kidogo ungeweza. Niambie nibadilishe.

Mkweo,
Modesta


Nyamwaga,
12 Mei 2025

Mama Robi,

Nyuma hapana. Narudia, hapana. Kornelio anasema nyuma kunatikisika.

Anasema pia mbele, karibu na rubani, kuna kiti kitupu. Kwa nini usiniweke huko? Nitamwangalizia rubani njia. Macho yangu hayana ugonjwa, ni shingo tu.

Kama hilo nalo ni gumu, na kushoto ni kugumu, basi mwambie daktari tutaonana mwakani. Rovu hili nimekaa nalo muda mrefu, tumezoeana. Mahindi yanataka kuvunwa na ndama mmoja anaharisha. Sitaki uhangaike na watu wa ndege kwa ajili yangu.

Mimi sijambo kabisa.

Baba mkwe wako,
Baba Erasto


Natta,
13 Mei 2025

Tata,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Mwakani? Tata, daktari alikuambia nini mbele ya Erasto? Alikuambia mwakani? Kiti cha rubani hawampi mgonjwa, nimeuliza na nimekataliwa. Na wewe unaniandikia habari za ndama.

Naomba niseme, hata kama nakosa adabu. Mimi naona mambo ya mlima na shimo ni kisingizio. Ama unaogopa ndege, na kama ni hivyo si aibu, sema tu, wageni wenye misuli nimewaona wakishikana mikono na kulia. Ama ni mimi. Tangu Erasto anioe hujawahi kuingia nyumbani kwetu. Ukija Natta unakaa uani juani, chakula changu hukigusi, mkono hunipi. Nilikuwa najiambia ni mila za ukwe, hata sisi Wanata tunazo, ila kwenu zimezidi. Sasa najiuliza kama ni mila au ni kwamba hukunitaka. Kama ni mimi, nitabaki. Nitakutafutia mtu mwingine wa kukusindikiza, hata Felista. Ila nenda, Tata. Nakuomba nenda. Erasto hana baba mwingine.

Modesta


Nyamwaga,
15 Mei 2025

Modesta mwanangu,

Huyu ni mama yako Wegesa. Mwandiko wangu ni wa ngumbaru, uvumilie. Mzee hajui kama naandika. Yuko nje anachonga mpini wa jembe ambalo lina mpini tayari. Barua yako ya mwisho alikuwa ameishika tangu jana, ndipo nikamnyang'anya nikaisoma na zile nyingine zote.

Wewe mtoto wewe! Umesoma, umekaa na Wazungu, ndiyo ukasahau yote? Jina lake umemwachia Felista aliandike, vizuri sana, nilikusifu. Halafu unataka ukae naye ubavu kwa ubavu! Mkanda wako na mkanda wake, viwiko vinagusana saa nzima angani, baba mkwe na mkwe! Akisinzia kichwa kikakuangukia begani, je? Atashuka Arusha na uso gani? Alivyoisoma hiyo alianza kutafuta milima. Nawe badala ya kushtuka ukamwongezea: twende nyuma, kuna viti vitatu, ujilaze. Yesu wangu! Alipofika hapo aliiweka barua chini taratibu, akaenda zizini, hakurudi mpaka maziwa yamepoa.

Utaniuliza kwa nini hakusema. Atasemaje? Amwandikie mkwe wake kwamba sitaki kukaa karibu na wewe? Kulitaja tu ni aibu ileile. Kwa hiyo amehangaika na Kornelio wa watu kumuuliza ndege imekaaje, mpaka akajua kushoto mtu anakaa peke yake. Mlima wa moshi hata hajui uko wilaya gani.

Na hilo la kutokukutaka lifute. Mwanaume asiyekuheshimu angeingia kwako bila hodi, angekula, angejifuta mdomo kwa pazia lako. Huyu anakaa juani kwa sababu yako. Mara ya mwisho alipotoka kwenu alikula sufuria nzima hapa, analalamika kwamba mboga zako zinanukia mpaka barabarani na ilibaki kidogo aivunje mila. Alisema hivyo mbele yangu mimi mpishi wake! Sikumpa chai siku mbili.

Mpe kiti chake cha peke yake. Wewe kaa karibu lakini si ubavuni. Na mimi hujanisikia.

Mama yako,
Wegesa


Natta,
16 Mei 2025

Tata,

Shikamoo. Ile barua yangu ya tarehe 13 naomba uichome kwenye jiko, niliandika nikiwa na njaa.

Nimekaa na ramani ya viti nikaangalia upya, nikaona umesema kweli tupu. Kreta ni shimo. Mlima ndiyo kitu cha kutazama, na mtu akitaka kuutazama mlima vizuri lazima akae peke yake, asisumbuliwe. Sijui nilikuwa nawaza nini. Nimekuhamishia kushoto, mstari wa tatu, kiti cha mtu mmoja. Hakuna wa kulia kwako wala wa kushoto kwako, ni njia upande huu na dirisha upande ule. Jua likikuumiza vaa ile kofia yako ya mnadani.

Kuhusu maagizo ya muuguzi, mimi nitakaa kiti cha mbele yako, mstari wa pili. Sitageuka nyuma. Pumzi ikikubadilikia gonga mgongo wa kiti changu kwa bakora, nitakuja na maji. Usipogonga nitajua uko salama unatazama mlima.

Siku moja kabla utalala kwa Mzee Rubeni, jirani yetu. Si kwetu. Godoro nimeshapeleka na chakula chako atapika mke wake, kwa hiyo usijali kitu.

Tata, nimefurahi mno. Sikuambii kwa nini, ila tangu asubuhi naimba mpaka Felista ananifukuza ofisini.

Mkweo,
Modesta


Natta,
25 Mei 2025

Tata,

Shikamoo, na pole tena na kidonda. Nimefika jana jioni. Robi amenikagua mikononi akitafuta zawadi ya Moshi, nimempa ndizi, amenuna.

Sijui nianzie wapi kumshukuru Mungu. Siku ile ya upasuaji mimi na Erasto tulikaa kwenye benchi. Kila mlango ukifunguka tunasimama. Walipokutoa ukiwa kwenye kitanda cha magurudumu, macho hujafungua vizuri, nikakuona unamwashiria nesi akufunike miguu kwa sababu mkweo yuko pale. Nikasema huyu ni mzima! Amerudi vilevile alivyokwenda! Nilicheka na machozi yakinitoka, Erasto akadhani nimepatwa na wazimu. Halafu daktari akaja akasema rovu lote limetoka na njia ya hewa iko wazi. Nilivuta pumzi kama mimi ndiye niliyekuwa na rovu.

Sasa limebaki jibu la vipimo. Erasto kaniambia wiki moja au zaidi. Nimejikataza kuliwaza, na nawaza hilo tu. Yeyote atakayepata jibu kwanza anitumie kwa rubani yeyote, hata kama ni baya. Nataka nijue.

Wamekukataza kuongea, najua, kwa hiyo andika. Kuna jambo sikukuuliza njiani, tulikuwa na haraka. Wageni wangu wote nikiwapokea tena huwa nawauliza waliona nini dirishani, ili nijue kama niliwashauri vizuri. Na wewe nakuuliza. Siku ile Lengai ilikuwa wazi kabisa, bila hata wingu moja, rubani mwenyewe alitangaza akashangaa. Hukugonga bakora hata mara moja. Nilikaa mbele nasoma makaratasi yangu, najiambia Tata leo anafaidi. Niambie ulivyouona.

Mkweo,
Modesta


Moshi,
3 Juni 2025

Modesta,

Si saratani.

Nimeanza na hilo ili usisome barua hii kwa kukimbia. Daktari ameingia asubuhi na karatasi yake, akatusomea mimi na Erasto: nyama ya kawaida iliyovimba, haina ubaya wowote, imetoka na haitarudi. Erasto ametoka nje. Nimemwona dirishani ameshika ukuta, analia, mwanaume mzima na funguo za gari kiunoni. Mimi nimebaki kitandani nacheka bila sauti. Sijawahi kupumua hivi. Hewa inaingia yote, mpaka tumboni, nashindwa kulala kwa utamu wake.

Nitakaporudi Nyamwaga nitachinja. Ndama amepona, mama yako ametuma habari. Na yeye najua alikuandikia, usimfiche. Kalamu yangu niliikuta imetafunwa mwishoni, na mtafuna kalamu nyumbani kwangu ni mmoja. Sikumsema. Ulipobadilika ghafla ukaanza kuusifu mlima, nilielewa kwamba umeelewa, na kwamba umeamua kunifichia aibu yangu. Nilimwambia mama yako, huyu mtoto kalelewa. Hilo ulitakiwa uambiwe siku nyingi, na mimi ndiye nimekawia.

Sasa swali lako. Umeniuliza niliona nini dirishani.

Mkwe wangu, sikuona kitu.

Ile barua uliyoniambia niichome, uliandika kwamba labda naogopa ndege. Iliniudhi kwa sababu ilikuwa kweli. Mila ilikuwa kweli na hofu ilikuwa kweli, zilipanda ndege pamoja. Kile kitu kilipoanza kunguruma nilishika kiti kwa mikono yote miwili na bakora ikaanguka chini, ndiyo maana hukusikia mtu akigonga. Nilichungulia dirishani mara moja. Nikaona Natta yote imelala ubavu, mabati yanang'aa mahali pa mbingu. Nikasema basi, sitazami tena.

Sasa nikawa sina pa kuweka macho. Dirishani siwezi. Chini siwezi, shingo haiinami. Mbele yangu nikakuona wewe. Usoni mila inanikataza kukutazama, ila mgongo hakuna mzee aliyewahi kuutaja. Nikatazama mgongo wako. Ndege ikishtuka, naangalia mabega yako, hayajashtuka. Ikaingia kwenye shimo la hewa, Mzungu mmoja kule kulia akapiga kelele, wewe ukafungua ukurasa mwingine. Nikajiambia, kama mkwe wangu anasoma, basi hatufi. Rubani akatangaza mlima, watu wote wakageukia upande wetu na simu zao. Mimi sikugeuka. Niliogopa nikikuacha nitaanza kutetemeka tena.

Hivyo ndivyo nilivyofika Arusha. Na siku mbili baadaye waliponilaza chini ya zile taa, wakaniambia hesabu, sikuhesabu. Niliukumbuka mgongo wako, unasoma.

Erasto anasema tutarudi kwa ndege wiki ijayo, na wewe utakuja kunichukua. Usihangaike na upande. Mlima na kreta wape wageni, wametoka mbali. Mimi niwekee kiti kilicho nyuma ya chako.

Baba yako,
Nyangwine